Mwigo wa Urushaji Ndege: Jina Lake, na Sababu za Kudumu kwa Uraibu Huu

Miongoni mwa shughuli za mapumziko zilizoletwa na kompyuta, iko moja ambayo haijapata jina lililotulia katika Kiswahili, ijapokuwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishughulikia wapo, mwambao na bara, na hata ughaibuni. Mtu huketi mezani mbele ya kioo cha kompyuta, akashika fimbo au usukani mdogo, akairusha ndege isiyokuwapo kutoka kiwanja kilichopo hadi kiwanja kingine kilichopo, huku akifuata ramani, hali ya hewa na kanuni zilezile zinazomfunga rubani wa kweli. Wengine huita shughuli hii mchezo wa ndege, wengine husema gemu, na walio wengi hulitumia jina la Kiingereza bila ya kusita.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini baadhi ya watu hudumu na shughuli hii kwa miaka ishirini au thelathini, ilhali wenzao huichoka baada ya miezi mitatu. Yanakusudia pia kupendekeza istilahi chache. Makusudio hayo mawili hayatengani, kwa kuwa ile sababu inayomfanya mtu adumu ndiyo hasa ambayo jina linapaswa kuionyesha.

Neno mchezo ni pana. Twalitumia kwa mpira, bao, karata, na hata tamthilia. Lakini michezo ya ushindani, ambayo ndiyo humjia mtu akilini asikiapo habari za kompyuta, ina sifa moja ya pamoja: huisha kwa kushinda au kushindwa. Mtu akifungwa bao, huanza upya. Akimfunga kila mtu mtaani, hutafuta mtaa mwingine, au huacha. Urushaji ndege wa mezani hauna ushindi wa namna hiyo. Hakuna anayefungwa. Kipimo chake ni kimoja tu, nacho ni kama kilichofanyika mezani kinalingana na kile ambacho kingefanyika angani. Kwa kuwa mambo ya angani hayamaliziki, kipimo hicho nacho hakimaliziki.

Kwa hiyo twapendekeza neno mwigo. Limetokana na kitenzi iga kwa utaratibu uleule uliotupa mwito kutokana na ita, na mwisho kutokana na isha. Uigizaji halifai, maana limekwisha kuchukuliwa na jukwaa. Uigaji ni neno zuri kwa tendo lenyewe, na atakaye kulitumia hakosei. Lakini mwigo ni fupi, na laweza kutaja tendo, matokeo ya tendo, na shughuli nzima. Shughuli yetu basi iitwe mwigo wa urushaji ndege, na programu au mashine inayoutenda mwigo huo iitwe kiigaji. Kwa mtu, hata hivyo, hatupendekezi mwigaji. Neno hilo tayari lina harufu ya dharau, kwani humtaja mtu asiye na lake, anayefuata ya wenzake. Rubani wa mwigo latosha, na ndilo litakalotumika humu.

Yamkini patatokea mtu wa kusema kwamba mwigo ni neno lenye kudokeza ubandia. Jibu ni kwamba urubani wenyewe hufundishwa kwa mwigo, na hufundishwa hivyo tangu zamani. Mnamo mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, katika jimbo la New York nchini Marekani, alikamilisha chombo cha kufunzia marubani kilichobaki chini sakafuni. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, na Link aliyatumia maarifa ya kiwandani humo: mivukuto na mifereji ya hewa iliyozoea kupuliza sauti ikawa inakiinamisha na kukizungusha kijisanduku chenye mabawa mafupi, ambamo mwanafunzi alifungiwa asione nje. Mwanzoni watu walikidharau chombo hicho, na wengine walikinunua kwa viwanja vya maonyesho na tamasha. Ilipofika mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege; marubani wake hawakuwa na mazoezi ya kutosha ya kuruka katika mawingu na giza, na wengi walikufa katika muda wa wiki chache. Ndipo jeshi liliponunua viigaji sita vya Link.

Hapa yafaa tutaje jambo dogo la lugha. Kuruka bila kuona nje, kwa kutegemea mishale na saa zilizo mbele ya rubani, huitwa na baadhi ya wafasiri kuruka kwa ala, na kinyume chake kuruka kwa macho. Wapo wanaolilaumu neno ala kwa kuwa humfanya msikilizaji afikirie zeze na marimba, au ala ya kisu. Lawama hiyo haina uzito. Neno moja laweza kubeba kazi mbili pasipo ugomvi, na kwa upande wa Link, aliyetoka katika ala za muziki akaingia katika ala za ndege, ugomvi huo ungekuwa mdogo zaidi.

Mwigo uliingia majumbani kwa njia nyingine. Bruce Artwick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika tasnifu mwaka 1975 juu ya kuonyesha mwendo wa ndege kwa michoro ya kompyuta. Miaka michache baadaye kampuni yake ikaanza kuuza kiigaji cha nyumbani, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikakitoa kwa ajili ya kompyuta za IBM kwa jina la Flight Simulator. Michoro yake ilikuwa mistari na rangi chache tu. Hata hivyo wapo watu walioanza nacho wakiwa vijana na wangali wakirusha hadi leo, wakiwa na wajukuu. Jambo hilo peke yake laonyesha kwamba uzuri wa picha si ndio unaomshikilia mtu. Toleo la mwaka 2020 linaonyesha dunia nzima kwa picha zilizopigwa kutoka angani, na liko jingine la mwaka 2024. Lakini wanaokinunua kiigaji kwa sababu ya picha ndio hao hao wanaokiacha mapema.

Mwendo wa kuacha hufanana kwa wengi. Wiki ya kwanza mtu huruka juu ya nyumba yao. Wiki ya pili huzitembelea Piramidi za Misri, na kuzunguka kilele cha Kilimanjaro. Halafu hupita chini ya madaraja, huigonga ndege makusudi aone itakuwaje, hujaribu ndege kubwa kuliko zote kisha ile yenye kasi kuliko zote. Baada ya hapo hakuna jipya. Kila mahali panafikika kwa kubofya, na mahali panapofikika kwa kubofya hapana safari. Wanaodumu ni wale ambao wakati fulani waliacha kuuliza “niende wapi?” wakaanza kuuliza “niende vipi?” Tangu hapo hujifunga wenyewe kwa masharti ambayo hakuna aliyewalazimisha. Huchagua ndege moja ndogo, tuseme Cessna 172 ya injini moja, wakakaa nayo mwaka mzima. Huondoka pale tu walipotua mara ya mwisho, si penginepo. Huandika daftari la safari, wakitia tarehe, kiwanja, saa za hewani na hali ya hewa. Huipokea hewa ya siku hiyo jinsi ilivyo, na ikiwa mbaya mno huahirisha safari. Mtu asiyeujua mwigo huona ni upuuzi kuahirisha safari isiyokuwapo, kumbe kitendo hicho ndicho kinachoipa uzito siku ambayo safari inawezekana.

Upepo na maneno ya mabaharia

Kati ya masharti hayo yote, upepo ndio wenye mafunzo mengi, na ndio pia ulio na hazina kubwa ya maneno katika Kiswahili. Viigaji vya siku hizi huchukua taarifa za hali ya hewa zinazotolewa na vituo halisi, vikauleta upepo wa saa hiyo mezani kwa mtu. Tutoe mfano wa Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume, Unguja. Njia yake ya kurukia imeelekea karibu kaskazini na kusini kamili. Njia za kurukia huitwa kwa nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi, kwa hiyo ncha moja ya njia hiyo huitwa 18, yaani nyuzi 180, kusini. Na ncha ya pili huitwa 36, yaani nyuzi 360, kaskazini. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, ili mabawa yapate hewa ya kutosha kwa mwendo mdogo wa magurudumu. Basi rubani wa mwigo anayekwenda Unguja mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, aghalabu hutua kwa 36. Na mwezi wa Julai, wakati wa kusi, hutua kwa 18. Anaweza kuwa ameketi Muscat au Toronto, dirishani kwake kukiwa na jua kali au theluji, lakini mezani pake kusi limekwisha kuingia. Kwa namna hiyo uraibu wake hupata majira, na kilicho na majira hakichoshi upesi.

Istilahi za upepo wa ndege zimewahi kutafsiriwa na watu mbalimbali kwa kusema upepo wa mbele, upepo wa nyuma na upepo wa pembeni. Tafsiri hizo zinaeleweka. Lakini mabaharia wetu wana maneno yaliyokomaa zaidi. Upepo unaokikabili chombo huitwa upepo wa omo, maana omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Na kila msomaji aijuaye methali ya tezi na omo na marejeo ya ngamani anajua kwamba tezi ni upande wa shetri. Upepo utokao nyuma basi ni upepo wa tezi. Upepo ukatao ubavuni una jina lake pia, upepo wa matanga kati. Ndege haina matanga, hilo ni kweli. Lakini hata meli za injini hazina, na mabaharia wake hawakuacha kusema kwamba wanatweka.

Kuvikopa vitu vya angani majina ya baharini si jambo geni kwetu. Neno rubani lenyewe lilikuwa la baharini kwanza: rubani alikuwa mjuzi wa njia aliyekiongoza chombo kati ya miamba mpaka bandarini, na nahodha alikuwa mkuu wa chombo. Ndege zilipofika, rubani alipanda hewani na hakuna aliyelalamika. Dira ilimfuata, abiria wakamfuata, na usukani pia. Jina la usukani lafaa zaidi kwa ule ubao wa mkiani unaogeuza pua ya ndege kushoto na kulia, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya usukani wa jahazi. Na ile zana ya mkononi iitwe fimbo au gurudumu, kadiri ilivyo katika ndege husika.

Zoezi linalowafaa mno marubani wa mwigo, na ambalo wengi wao hulirudia hata baada ya miaka mingi, ni mzunguko wa kiwanja. Ndege hupaa, hukata kona, hurudi sambamba na njia ya kurukia ikielekea ilikotoka, hukata kona tena, kisha hutua palepale. Mzunguko mmoja huchukua dakika tano au sita hivi. Vipande vya mzunguko huo kwa Kiingereza huitwa miguu, na mfasiri mwenye haraka angesema vivyo hivyo. Sisi twapendekeza mikono, kwa kuwa Mswahili husema mkono wa bahari na mkono wa mto, na mguu wa mto hausikiki. Kile kipande ambacho ndege huenda na upepo nyuma yake kiwe mkono wa tezi. Kipande cha mwisho, kinachoelekea njia, kiwe mkono wa kutulia.

Ugumu hutokea upepo unapokuwa wa matanga kati. Ndege hailengi njia kwa pua, bali huelekeza pua kidogo upande wa upepo, kama mashua inayovuka mto wenye mkondo na kuelekezwa juu zaidi ya pale inapokusudia kufika. Kabla ya magurudumu kugusa, rubani hukanyaga usukani ili pua irudi sawa na njia, na huliinamisha kidogo bawa la upande wa upepo ndege isisukumwe. Muda wa kufanya hivyo ni sekunde chache. Hakuna upepo unaofanana na mwingine, na kwa sababu hiyo mtu aweza kutua mara elfu moja katika kiwanja kimoja bila ya kutua mara mbili kwa namna moja.

Neno baya linavyofundisha vibaya

Istilahi mbaya haichukizi sikio tu, bali yaweza kumtia mwanafunzi katika kosa. Mfano mzuri ni ile hali ambayo bawa huacha kuibeba ndege. Bawa hubeba kwa sababu hewa hulipitia kwa utulivu likiwa limeinuliwa pembe ndogo. Rubani akizidi kuinua pua, pembe huwa kubwa mno, hewa hukatika juu ya bawa, na mbebo hupungua ghafla. Injini yaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote. Kwa Kiingereza hali hii imepewa neno lilelile linalotumika gari linapozimika njiani, na kwa sababu hiyo imesikika ikisemwa kwa Kiswahili kwamba ndege imezimika. Mwanafunzi anayeambiwa hivyo atafanya nini? Ataitazama injini. Tena, kwa hofu ya kuanguka, ataivuta fimbo ili pua ipande, na kwa kufanya hivyo ataizidisha ile pembe iliyomponza. Dawa ni kinyume chake: ashushe pua kwanza, bawa lipate hewa, ndipo aongeze nguvu ya injini.

Wengine wamependekeza kupoteza mbebo, na maneno hayo ni sahihi. Sisi twaongeza jingine, kupwelewa. Chombo kilichopwelewa hakina ubovu wowote. Maji yaliyokibeba ndiyo yaliyoondoka chini yake. Bawa lililopwelewa nalo ni zima, ila hewa iliyolibeba imeliacha. Aliyekulia pwani atalielewa mara moja. Aliyekulia bara atahitaji kuelezwa, na maelezo hayo ndiyo somo lenyewe.

Hali kadhalika, kiwanja kilicho juu ya milima kina somo lake. Kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kile cha Dar es Salaam kiko karibu na usawa wa bahari yenyewe. Rubani wa mwigo aliyezoea kupaa Dar es Salaam kwa ndege ndogo iliyojaa mizigo hushangaa Nairobi, adhuhuri ya jua kali, anapoona njia inakwisha na ndege bado nzito. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Bawa hupata cha kushika kidogo, na injini hupata cha kuvuta kidogo. Wataalamu huujumlisha mwinuko na joto wakapata kipimo kimoja, ambacho tungeweza kukiita mwinuko kwa kadiri ya msongamano wa hewa. Jina hilo lafaa vitabuni. Katika mazungumzo watu watasema “hewa nyepesi”, nasi hatuoni sababu ya kuwasumbua.

Mahali ambapo istilahi zetu hazitakiwi

Wapo marubani wa mwigo wanaoupata uhai wa uraibu wao kwa watu wengine. Tangu mwaka 2001 upo mtandao uitwao VATSIM, ambao huwaunganisha kwa intaneti watu wa nchi mbalimbali katika anga moja ya mwigo. Baadhi yao hurusha. Wengine, bila ya malipo yoyote na baada ya mafunzo na mitihani, huketi kama waongoza ndege wakitoa ruhusa na maelekezo kwa sauti. Anayeingia humo kwa mara ya kwanza hutetemeka. Awali alikuwa na kompyuta peke yake, nayo haikasiriki. Sasa mtu wa kweli anamngojea ajibu, na nyuma yake kuna wengine wanaotaka kutua. Wengi huandika kwenye karatasi kila watakalosema kabla ya kubonyeza kitufe. Ukweli wa kijamii wa namna hii hauwezi kupatikana kwa picha nzuri, na ndio umewarudisha watu wengi waliokwisha kuchoka.

Je, mazungumzo hayo ya redio yafasiriwe kwa Kiswahili? Kwa maoni yetu, hapana. Mnamo tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa za KLM na Pan Am ziligongana katika ukungu na watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa ya maneno: kutoka ndege ya KLM ilisemwa sentensi iliyoweza kufahamika kuwa ndege iko tayari mahali pa kupaa, na pia kuwa imekwisha kuanza kupaa. Baada ya msiba huo ilisisitizwa kwamba neno la Kiingereza la kupaa lisitamkwe redioni ila katika ruhusa yenyewe ya kupaa au katika kuifuta. Penginepo litumike neno jingine. Lugha iliyofungwa kwa kiasi hicho si Kiingereza cha kawaida tena, bali ni zana, kama spana. Kuifasiri ni kuilegeza. Kazi ya Kiswahili iko kabla ya redio na baada yake: katika kufundisha, katika kuulizana, katika kusimuliana nini kilitokea kwenye mkono wa kutulia. Huko ndiko mtu anakofahamu au asikofahamu, na huko Kiswahili kinahitajika sana.

Kwa upande wa redio tunapata faida moja ndogo hata hivyo. Kitenzi ruka kwetu hubeba kazi tatu: kuondoka ardhini, kuwa hewani, na kuchupa. Yafaa tukigawe mapema: kupaa kuwe kuondoka ardhini, na kuruka kubaki kwa kuwa hewani.

Njia nyingine ya kudumu ni historia, nayo yataka makala yake. Tutaje machache tu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London ikiwa na abiria wa kulipa, ikapita Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hadi Johannesburg. Ndiyo safari ya kwanza ya namna hiyo kwa ndege ya jeti. Rubani wa mwigo aweza kuirudia, kituo baada ya kituo, kwa mwendo uleule na mafuta yaleyale, akaona kwa nini walilazimika kusimama mara nyingi hivyo. Wengine huzirusha ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977. Huko Chicago kilikuwapo kiwanja kidogo kando ya ziwa, Meigs Field, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa mahali pa kuanzia katika kiigaji cha Microsoft. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 2003 meya wa mji aliamuru njia yake ichimbwe kwa matingatinga. Watu wengi duniani, ambao hawakupata kukanyaga Chicago, walihisi wamefiwa. Na wanaotaka wangali wanatua Meigs hadi leo, kwa sababu wenzao wamekijenga tena ndani ya viigaji vipya. Kujenga viwanja ni uraibu ndani ya uraibu. Kampuni ya Microsoft ilipoifunga karakana yake ya viigaji mwezi wa Januari 2009, toleo la mwaka 2006 liliendelea kuishi zaidi ya miaka kumi kwa kazi ya watu wa namna hiyo. Asiye na fedha wala kompyuta kubwa hana haja ya kukata tamaa, kwani kiko kiigaji cha FlightGear kinachotolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote atakaye kuurekebisha.

Limebaki neno uraibu, ambalo tumelitumia tangu kichwa cha makala bila ya kulitetea. Zamani uraibu lilikuwa jina la vitu kama tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu huvitumia kwa kujiburudisha na hupenda avipate kila siku. Nchini Kenya limefundishwa shuleni kwa maana ya shughuli ya mapumziko aipendayo mtu, kama vile kukusanya stempu au kuogelea. Wakati huohuo magazeti na watu wa tiba wamelichukua kwa maana ya utumwa wa dawa za kulevya, na mraibu siku hizi ni mgonjwa. Maana hii ya pili inakua, na yaweza kuimeza ile ya kwanza. Wako wanaoshauri tuiachie uwanja, tuseme burudani au hobi. Burudani haitoshi, maana mtu huburudika kwa kusikiliza taarabu mara moja tu na kwenda zake. Hobi ni neno lisilo na kosa, ila halina ukoo.

Sisi twaona uraibu libaki, na maana mbaya ipewe neno lake, utegemezi, ambalo tayari linatumiwa na wataalamu wa tiba. Tofauti ya mambo hayo mawili yaonekana vizuri katika mwigo wenyewe. Mtegemezi hawezi kuahirisha. Mraibu wa mwigo akikuta ukungu Mbeya, au mtoto ana homa, hulifunga daftari lake na kuiacha ndege pale ilipotua, akijua itamngojea. Wapo walioiacha miaka mitano kwa ajili ya kazi na malezi, kisha wakalifungua daftari na kuendelea kutoka kiwanja kilekile.

Istilahi zilizotajwa humu ni mapendekezo tu. Tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji, hasa wale wa mwambao wenye ujuzi wa vyombo vya matanga, iwapo katika sehemu zao upepo wa matanga kati una majina mawili, kwa wa upande wa kushoto na wa upande wa kulia. Maana rubani huhitaji kuutofautisha, na hadi sasa tumelazimika kuongeza neno zima kila mara.